Kakompyuta ka Redio na Maombi ya Mama Vumilia

Leo nimesikia aibu mbele ya watu, mbele ya Mungu, na mbele ya émetteur, ile mashini yenye inarusha sauti ya redio. Niko naandika nikiwa nimejifungia mu kiosque yangu, mulango umefungwa na komeo, taa imezimwa. Kuko watu wanagonga inje. Najua wanataka nini. Acha niwaelezee ninyi wa hii groupe mbele mupate habari kwa njia ingine, juu habari imeshatembea sana (mutaona kwa nini imetembea mbio hivi).

Wenye hawanijue: mimi natengenezaka simu na redio hapa Mushaki, mu Masisi. Jina yangu ni Bahati, lakini watu wananiita Inge. Sikumaliza masomo ya ingénieur, lakini mutu akikuita jina muzuri, utamukataza? Nauzisha pia vitu vidogo vidogo: batterie, torche, écouteur, chargeur. Kazi yangu naipenda na najisifu nayo. Nilikuwa najisifu nayo, tuseme, mpaka leo saa tano na nusu.

Asubui Mama Vumilia akanipigia. Ule Mama ni katekista, na ni yeye anasomaka matangazo kwa redio yetu ndogo pale juu ya kilima. Kama uko mutu wa huku unajua communiqué ya saa sita ni kitu gani. Mutu amekufa, mutoto amepotea, ng'ombe imevunja kiraro, vyote vinapita pale. Saa sita ikifika watu wanaacha jembe wanaongeza sauti.

"Inge, kakompyuta hakaamuke."

"Taa zake zinawaka?"

"Ile nyekundu iko. Ile ya kijani haiko."

"Nakuja, Mama."

"Kuja mbio. Kuko communiqué ya kifo. Inapaswa kupita leo saa sita. Si mangaribi, Inge. Saa sita."

Niliposikia sauti yake sikumaliza ata chai.

Sasa hako kakompyuta. Ni kaplaque kamoja tu, ukubwa wa kipande cha sabuni, vyote viko juu yake. Tangu radi ilipochoma ile table ya zamani yenye ilikuwa naongoza sauti, ni kenyewe kanapokea micro na kupeleka sauti kwa émetteur. Kasipoamuka, Mama Vumilia anaweza kulalamika mbele ya micro mpaka mate ikauke, hakuna mutu atamusikia, ata mbuzi za nyuma ya nyumba.

Nilimukuta pale ndani na mwanamuke mumoja amekaa kwa banc, kitenge juu ya kichwa, mikono kati ya magoti. Alikuwa halie. Alikuwa naangaria tu ile taa nyekundu.

"Huyu ni Riziki, wa Kibabi," Mama Vumilia akaniambia. "Papa yake Petro njo amefariki."

"Pole sana, dada."

"Asante, Inge. Itatengenezeka?"

Nikasema itatengenezeka. (Ile njo ilikuwa kosa ya kwanza. Usiahidie mutu wa kilio kitu mbele hujafungua ata mufuko.)

Riziki akanielezea kwa sauti ya chini. Kaka yake mukubwa, Bauma, iko Walikale, mu pori, anapasua mbao. Kule réseau ya simu hainaka. Lakini redio yetu inafika, na wale wapasua mbao wanasikilizaka saa sita wakikula. Maziko ni kesho. Mwili hauwezi kungoja tena, sisi hatuna frigo ya wafu. Bauma akisikia saa sita, atapata moto (pikipiki), atalala njiani, atafika kesho asubui. Akisikia mangaribi, moto hazitembee tena, barrière za njia zimefungwa, na ataikuta kaburi imeshafunikwa.

"Papa alisema mutoto mukubwa njo atupe udongo wa kwanza," Riziki akasema. "Alisema ile neno akiwa anapumua kwa shida. Kama Bauma hakusikia leo, nitamuambia nini?"

Nikafungua mufuko.

Kale kakompyuta hakana écran, kile kioo cha kusomea. Ukitaka kujua kanasema nini wakati kanajaribu kuamuka, unaingiza waya tatu nyembamba kwa meno yake ya chuma: moja ya kusema, moja ya kusikia, moja ya masse (ile ya udongo). Upande ingine unaingiza kwa laptop. Hapo maneno yanaanza kushuka, mustari kwa mustari, kanakuambia kila kitu chenye kanafanya: nimeona mémoire, nimeona kadi, natafuta hiki, nimekosa kile. Ni sawa mugonjwa mwenye anakuelezea mwenyewe fasi yenye inamuuma. Mimi napendaka ile kazi sana.

Nikachomeka laptop yangu kwa rallonge, ule waya murefu wenye matundu mengi ya kuchomekea. Niwaambie kidogo juu ya ile rallonge. Courant (umeme) ya redio inatoka kwa panneau solaire, na kwa hiki kilima ni wao peke yao wako na courant ya kutosha. Basi redio njo fasi ya kuchajia simu za kila mutu. Rallonge moja, kisha rallonge juu ya rallonge, na chargeur zimeninginia pale sawa maharagi kwa muti. Nyingi zilikuwa na waya mweupe wenye mustari wa bleu. Nikazitambua. Zilitoka kwangu! Nikasikia kiburi kidogo mu roho (Mungu anisamehe). Na mimi pia nikachomeka simu yangu, na chargeur ya namna ile ile, juu batterie ilikuwa inakaribia kwisha.

Nikawasha. Nikangoja maneno.

Yakatoka matapishi. Alama za kuuliza, vikasanduku, herufi zenye vipembe, kitu hakuna mutu anaweza kusoma ata akiwa amejaa Roho Mutakatifu. Nikawaza: ni vitesse (mbio). Laptop na kakompyuta visiposikilizana vitesse ya kusema, njo vinatoa vile. Nikabadilisha vitesse. Matapishi. Nikabadilisha tena. Matapishi ya rangi ingine. Nikageuza waya ya kusema na ya kusikia. Kimya kabisa. Nikarudisha. Matapishi.

Hapo Mama Vumilia akasema, "Tulianza bila maombi. Tuombe."

Kwa Mama Vumilia maombi iko na sheria. Simu zote zinatolewa kwa rallonge pamoja na chargeur zake, zinazimwa, zinawekwa mu kikapo. Alianza ile sheria siku moja simu ya mutu ilipoimba rumba katikati ya Baba Yetu. Akaanza kuzichomoa moja moja. Ata yangu akaichomoa.

"Mama, ombeni tu, mimi naendelea," nikamuambia. "Mashini haisikiake Baba Yetu. Inasikia vitesse."

Akaniangaria tu. Akafunga macho.

Na mimi nikarudisha ile vitesse ya kwanza, yenye kila technicien anatumiaka, nikawasha upya.

Wandugu, maneno yakatoka safi! Meupe, yamenyooka, mustari kwa mustari. Nikapiga magoti yangu makofi. Nikawaza, umeona, nilikuwa tu nimekosea kitu kidogo, Inge ni Inge. Maneno yakashuka, mémoire iko, kadi iko, "Utusamehe makosa yetu," maneno yakashuka, "Amina."

Watu wakarudisha simu zao. Matapishi.

Nikazima, nikawasha. Matapishi. Nikapuliza waya. Nikaibana na meno. Vitesse ni ile ile! Sikugusa kitu! Papa Simeoni, zamu (mulinzi) wa redio, muzee wa watu mwenye anapenda sana kushauri, akaingiza kichwa kwa mulango.

"Inge, labda kanasikia baridi."

"Papa Simeoni, tafazali."

"Nasema tu. Hapa juu kuko baridi."

Saa ikaendelea. Riziki akaacha kuangaria ile taa, akaanza kuangaria mikono yangu. Ile ilinitesa kuliko matapishi. Mutu akikuangaria uso unaweza kumudanganya, lakini mikono yangu ilikuwa inarudilia kitu kile kile na yeye alikuwa anaiona.

Kisha wamama wa kwaya wakafika kumufariji. Walikuja na kilio kile cha kwetu, cha kuingia nacho polepole kutoka inje, na wakamuzunguka. Mama Vumilia akasema, "Tuombee roho ya Papa Petro." Simu zikatoka, zikaingia kikapo. Zote.

Na maneno yakarudi safi.

Haki ya Mungu. Wamama wanaomba, "umupe raha ya milele," na mashini inasema safi kabisa, imefika mbali kuliko mara ya kwanza, imeanza kusoma kadi yake, inakaribia fasi yenye inakwama. Nikakaribisha uso kwa écran. Nikasema mu roho, Mama, endelea, ongeza kidogo. "Amina," wakasema wote. Simu zikarudi. Mustari wa mwisho ukavunjika katikati, matapishi ikajaza écran.

Hapa sasa munisikilize vizuri, juu hapa njo akili yangu yote iliniacha. Mimi ni mutu wa voltmètre. Kitu kikibadilika, naulizaka: nini imebadilika kwa courant? Ile njo swali ya kwanza, tunawafundishaka ata wenye walianza jana. Sikuiuliza. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na Riziki mbele yangu, na mara mbili nilikuwa nimeona na macho yangu mashini inatii maombi. Nikasema, Bahati mwana wa mama yako, umemucheka Mungu asubui, sasa anakuonyesha.

Nikatoka inje. Ilikuwa saa tano na nusu. Kulikuwa watu wengi kwa lubanza (kiwanja cha mbele), wenye walikuja kuchukua simu, wa kwaya, wenye walikuwa wanapita na mizigo ya soko. Nikapanda juu ya jiwe.

"Wandugu," nikasema, "nilikosa. Nilisema mashini haisikiake maombi. Nimeona na macho yangu. Mama Vumilia akiomba, inasema. Akinyamaza, inafunga kinywa. Naomba tuombe wote, tusiache, mpaka nimalize."

Mama mumoja akasema "Yesu Maria!" Papa Simeoni akatoa kofia.

"Inge, una hakika?" Mama Vumilia akaniuliza. Yeye mwenyewe alikuwa na mashaka! Katekista! Na mimi, wa voltmètre, nikamujibu: "Mama, kabisa."

Wakaingia wenye waliweza kuingia, wengine wakapiga magoti inje mu matope, mbele ya dirisha. Simu zote zikatolewa. Mama Vumilia alizunguka na kikapo, akachomoa moja moja.

Isipokuwa moja.

Juu mimi nilikuwa nimewaza jambo. (Hapa njo aibu yenyewe, musiruke.) Nilikuwa nimewaza: huu muujiza lazima dunia iuone. Nitaufilma. Nitawatumia ninyi mu hii groupe! Simu yangu ilikuwa karibu kuzimika, basi nikaiegemeza kwa dirisha, nyuma ya pazia, kamera tu inatokea kando, ikiangaria écran, na nikaiacha kwa rallonge na chargeur yake ya waya mweupe. Nikabonyeza ile rouge ya kufilma. Nikakaa.

Mama Vumilia akaanza. Alianza polepole, akapandisha. Wamama wakamufwata. Nikawasha mashini.

Matapishi.

Nikazima. Nikawasha. Matapishi.

"Ongezeni," nikasema.

Wakaongeza. Sauti ikapanda mpaka bati za nyumba zikalia. Mama Vumilia jasho ilimushuka kwa masikio. Matapishi. Nikaangaria saa ya ukuta. Ilikuwa inakaribia saa sita kasoro robo, na mushale wa sekunde ulikuwa unatembea bila huruma.

Mama Vumilia akanyamaza. Akasema, macho yamefungwa bado, "Kuko kitu kinazuia. Kuko mutu mwenye iko na neno mu roho. Aitoe, maombi ipite."

Na mimi, wandugu, na mimi nikageuka kwa ule umati, nikasema na sauti ya askofu: "Muungame, wandugu. Saa inaenda."

Papa Simeoni akaanza. Akasema analalaka zamu. Si mara moja. Tangu redio ianze, hajawahi kuamuka usiku ata siku moja, na kama hawajaibiwa ni neema tu. Kisha mama mumoja wa kwaya akasimama, uso umefunikwa na kitenge, akasema sufuria kubwa ya kwaya, yenye walitafuta tangu Pasaka na ikaleta matusi kati ya watu, iko kwake chini ya kitanda. Wenzake wakageuka wakamuangaria. Maombi ikakaribia kugeuka vita.

Nikawasha tena mashini. Matapishi.

Hapo Riziki akasimama.

Alishika banc na mukono moja. Sauti yake haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya mutu mwenye amechoka kubeba.

"Ni mimi," akasema. "Papa alipoanza kuugua, aliniambia nitume mutu kwa Bauma. Nikasema tungoje, atapona, Bauma akiacha kazi atapoteza fasi yake. Papa akaniambia mara ya pili. Nikasema tungoje. Nilimunyima Papa mutoto wake. Ni mimi ninazuia. Mungu anisamehe, redio ifunguke."

Ata wale wa sufuria wakaacha kugombana. Nikashindwa kumuangaria. Nikaangaria écran. Matapishi ilikuwa inashuka tu, inashuka.

Mama Vumilia akafungua macho. Akaenda kwa Riziki, akamushika kichwa, akamupangusa uso na mukono wake. Na akiwa amemukumbatia vile, uso wake ukawa umeangaria dirisha. Upepo ulikuwa umesogeza pazia. Akaona taa ndogo nyekundu ya kufilma.

Akamuachilia Riziki polepole. Akaenda kwa dirisha. Akavuta pazia.

"Na hii?"

Nikajifanya niko naangaria waya zangu.

"Inge. Na hii ni ya nani?"

"Ni... Mama, nilikuwa nafilma."

"Unafilma watu wakiungama?"

Yeye hakukuwa nafikiria mambo ya courant, ata kidogo. Alikuwa na hasira ya maombi, ile hasira ya haki ya mama mwenye ameambiwa mutu amecheka katikati ya Misa. Akakamata ule waya mweupe na akauvuta kwa rallonge na nguvu, mpaka chargeur ikaruka ikaniangukia kwa mapaja.

Na écran ikawa safi.

Safi! Meupe juu ya nyeusi. Watu wa mbele wakaona. Papa Simeoni akaona. Akaangaria écran, akaangaria chargeur kwa mapaja yangu, akaangaria ile kikapo yenye imejaa chargeur za waya mweupe. Ule muzee hajui ata kuandika message, lakini hii alinitangulia kuielewa.

"Inge," akasema polepole, "si ni ile yenye uliniuzisha?"

Nikaiokota ile chargeur. Ilikuwa ya moto. Na hapo njo akili ikarudi, imechelewa, imeketi, inaniangaria. Hizi chargeur za bei ya chini zinatupa parasite (makelele) mu courant. Moja inasumbua. Nyingi pamoja, waya nyembamba tatu haziwezi kupitisha ata neno moja zima. Wakati wa maombi zinachomolewa, maneno yanapita. Amina, zinarudi, maneno yanachafuka. Mara ya tatu zote zilitoka, ikabaki moja tu, imekaa karibu kabisa na laptop, na ile moja ilikuwa yangu. Nyani haonake matako yake.

Watu wameungama. Muzee amejivua heshima yake. Sufuria imetoka chini ya kitanda. Na mwanamuke wa kilio amefungua roho yake mbele ya kilima nzima, amejibebesha zambi ya waya wangu.

"Riziki," nikasema, "si wewe. Ni chargeur. Ni yangu. Wewe haukuzuia kitu."

Hakunielewa. Nikarudilia. "Dada, haukuzuia kitu. Ni mimi."

"Inge," Mama Vumilia akasema, "utalia kisha. Saa."

Nikageuka kwa écran. Na pale chini, mustari wa mwisho, mashini ilikuwa imesimama inangoja. Courant ilikatika usiku mashini ikiwa inaandika, kadi ikapata kosa, na sasa ilikuwa naomba ruhusa ya kuitengeneza. Ndiyo ao hapana. Hiyo tu! Ilikuwa naulizia ile swali tangu usiku, na hakuna mutu aliijibu.

Nikabonyeza ndiyo. Mistari ikakimbia. Nikangoja. Sikuomba, sikuthubutu tena. Taa ya kijani ikawaka mara moja, ikazima, ikawaka, kisha ikaanza kupepesa vile inapepesaka siku zote, na mu kisanduku cha sauti tukasikia ule mulio mudogo wa émetteur.

Mama Vumilia alikuwa ameshakaa kwa micro. Akakohoa. Akasoma.

"Familia ya Papa Petro wa Kibabi inamujulisha Bauma, mutoto wake mukubwa, fasi yenye iko Walikale, kama Papa yake amelala katika Bwana. Maziko ni kesho saa sita. Bauma, Papa yako amesema wewe njo utatupa udongo wa kwanza. Wenye wako karibu naye, mumusindikize mpaka kwa moto. Dada yako anakungoja."

Akasoma mara mbili. Inje mu matope bado walikuwa wamepiga magoti.

Nilifikiri imekwisha, nikaanza kukunja waya wangu. Haikukuwa imekwisha. Mama Vumilia hakufunga micro.

"Wasikilizaji wapendwa," akasema, na sauti ile ile ya kifo, bila kubadilisha ata kidogo, "mutuhurumie, tumekawia. Tulifikiri mashini yetu iko na pepo. Haikukuwa na pepo. Ilikuwa na chargeur ya Inge. Wote wenye walinunua kwake ile ya waya mweupe na mustari wa bleu, musizichomeke tena kwa redio. Mumurudishie. Iko kwa kiosque yake. Tumusifu Yesu Kristu."

Masisi nzima. Na Walikale, mpaka fasi yenye inafika.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikainamisha kichwa juu ya laptop. Halafu nikasikia Riziki nyuma yangu. Mabega yake yalikuwa yanatingishika, kitenge kimemufunika uso. Nikasema, sasa umemuliza kabisa, umuombe musamaha. Nikaenda nikachuchuma mbele yake.

"Dada, unisamehe. Tafazali."

Akashusha kitenge. Alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka mpaka hawezi kupumua.

"Sufuria," akasema. "Inge, sufuria. Chini ya kitanda. Na wewe, 'Muungame, wandugu.'" Akajaribu kuigiza sauti yangu ya askofu, akashindwa. Wamama wakaanza nao. Ata ule wa sufuria. Kisha kicheko cha Riziki kikavunjika, kikageuka kile kilio chenye hakukuwa amelia tangu asubui, kilio cha Papa yake, kirefu, na Mama Vumilia akatoka kwa micro akamukamata. Nikabaki nimechuchuma pale.

Mangaribi hii simu imelia pale redio. Ni mutu wa duka moja kule mupaka wa Walikale na Masisi, kwenye réseau inashika. Amesema Bauma amesikia akiwa na chakula mukononi, ameacha sahani, wenzake wamemutafutia moto, ameshapita pale, ataingia Kibabi asubui. Riziki amenitumia neno na Papa Simeoni. (Papa Simeoni mwenyewe iko hapa kwa mulango, ni yeye anagonga zaidi. Iko na chargeur yake mukononi.)

Neno yenyewe ni hii: "Muambie Inge kesho akuje kwa maziko, akae na sisi wa familia."

Nitaenda. Hajacheka tangu Papa yake aanze kuugua, na leo amecheka juu yangu. Yeye acheke vile anataka, mwaka nzima, kila akiniona kwa njia. Ninyi wengine wa hii groupe, mufunge vinywa.